Hasi Mia Moja

Heldur Kõomägi amekuja na basi la saa moja kutoka Valga,
Pontu miguuni pake, tumbo likigusa sakafu,
na abiria mmoja akampongeza: watazaliwa lini?
Pontu ana miaka kumi na miwili. Ni dume.

Hapa Tartu theluji ya Februari imegeuka tope.
Mzee anavua kofia mlangoni kama anaingia kanisani,
anasema kabla sijamuuliza:
"Ni mimi. Nimemjaza mwenyewe.
Tangu Asta aondoke napika viazi vya wawili,
mkono haujazoea nusu.
Sahani ya pili anakula yeye."

Sisemi neno. Kazi yangu ni kushika miguu
na kubonyeza.

Eksirei kwanza. Tumbo limejaa kivuli cha kijivu,
si kizito kama nyama, si chepesi kama hewa,
na utumbo umesukumwa pembeni, umekunjamana
kama wapangaji waliotolewa vyumbani usiku
wakabaki koridoni na magodoro yao.

Kisha ultrasaundi. Namnyoa, nampaka jeli;
jeli ni baridi, Pontu ananitazama
kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa na jamaa.
Daktari Maarika anapitisha kifaa taratibu,
anatafuta mwisho wa kile kitu, haupati.
Mistari myeupe, myembamba, mistari tena.
Kama reli chini ya theluji, asema mzee,
aliyebadilisha njia za treni miaka thelathini na minne,
na daktari, ambaye hapendi mifano, anasema: ndiyo.

Lakini ndiyo si jibu.
Kuna mafuta yaliyotulia, na kuna mafuta yenye nia mbaya,
na kwa nje yote yana mashavu laini.

Basi sindano ya usingizi. Ulimi watoka pembeni.
Kitanda kinaingia katika lile duara, linavuma,
na mimi nyuma ya kioo nahesabu pumzi zake
wakati mashine inamkata vipande elfu bila kisu.

Jambo hili lilinishangaza nilipokuwa mwanafunzi
na halijaacha kunishangaza:
sufuriani mafuta huelea juu ya maji;
kwenye mashine maji ndiyo sifuri
na mafuta hushuka chini yake, hasi mia moja,
yakawa meusi, weusi wa masizi katika bafu la moshi.
Tunaogopa giza tangu utotoni.
Hapa tunaliomba. Giza moja, sawasawa, lisilo doa.
Cheupe ndicho cha kutisha:
fundo, uzi mnene, nyama iliyojificha ndani.

Naingiza dawa ya kung'arisha mishipa.
Figo zinawaka. Ini linawaka.
Donge halijali. Limelala jeusi kutoka chini ya mbavu hadi nyonga,
kilo tano, labda sita,
na uzi mmoja tu, karibu na wengu,
ambao Maarika ameukuza mara nne bila kusema kitu.

Mzee anaitwa. Macho yanazunguka kwenye skrini.
"Pontu yuko wapi hapa?"
Namwonyesha uti wa mgongo, namwonyesha mbavu.
Zinahesabika, mzee, ona, mbwa huyu amekonda.
Daktari anamwambia: si viazi.
Ungemnyima chakula mpaka afe, donge lingebaki limenona.
Hupokea, halitoi.

Kimya. Kisha: "Halitoi hata kidogo?"
"Hata kidogo."

Akaketi. Sijui kama alifarijika au alipoteza kitu;
kosa nalo, ukilizoea, hukaa na wewe mezani.

Upasuaji ni Alhamisi. Uzi ule utatazamwa kwa hadubini;
picha imeishiwa maneno.
Pontu anaamka, anayumba, anakojolea mguu wa kiti,
na Heldur anatoa mfukoni karatasi yenye madoa,
viazi viwili vilivyopoa,
anasita,
anauliza kama vinaruhusiwa.